Uhakiki wa Istilahi: “Masafa”, “Mwingiliano” na Minara ya Buigiri

Miongoni mwa nyanja ambazo Kiswahili kimeingia upesi kuliko uundaji wa istilahi zake ni ile ya mawasiliano ya redio. Katika makala haya hatukusudii kuihakiki nyanja yote. Tumechagua sehemu moja ndogo, nayo ni viungo vya redio vinavyopeleka habari kutoka mnara mmoja hadi mwingine, na hasa tatizo linalozuka viungo viwili au vitatu vinapofungwa katika mnara uleule na kimoja kikaharibu usikivu wa kingine. Tumeichagua kwa sababu hapa istilahi mbovu haimchoshi msomaji tu. Humpandisha fundi mnarani kufanya kazi isiyofaa, na humwezesha mwandishi wa sheria kumtia hatiani asiye na kosa.

Ili mjadala usielee hewani tutatumia Buigiri kuwa mfano wetu. Buigiri iko katika Wilaya ya Chamwino, kando ya barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Morogoro, yapata kilomita 35 mashariki ya mji wa Dodoma. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, lakini wizara zilianza kuhamia kwa wingi baada ya mwaka 2016, na Ikulu ya Chamwino, iliyo jirani na Buigiri, ilizinduliwa mwezi Mei 2023. Ofisi huhama pamoja na simu na kompyuta zake, na hivi navyo huita minara. Nchi yenyewe ni tambarare yenye vilima vya mawe vilivyoachana, hivyo dishi huona dishi kutoka mbali. Hiyo ni neema kwa mawasiliano, lakini ni mzigo kwa mpangaji, maana dishi lionalo mbali huonwa pia na lile lisilolihusu. Viungo tutakavyovitaja ni vya mfano wa darasani. Hatusemi kwamba ndivyo vilivyofungwa huko.

Kwanza tulieleze jambo lenyewe, kwa maana mfasiri asiyelifahamu jambo hawezi kulipatia jina. Dishi la Buigiri lililoelekezwa Dodoma hurusha mawimbi yenye nguvu ya, tuseme, miliwati 100. Mawimbi hayo husambaa na kudhoofika njiani, hata yanapolifikia dishi la pili nguvu iliyopokewa ni kama sehemu moja katika milioni 100 ya ile iliyorushwa. Hiyo yatosha, mitambo ya siku hizi ina masikio makali. Lakini juu ya mnara uleule wa Buigiri, mita mbili tu kutoka dishi hilo, pana dishi jingine linalosikiliza mnong’ono wa namna hiyohiyo kutoka Mvumi, upande wa kusini. Ijapokuwa kila dishi limeelekea upande wake, mawimbi kidogo huvuja kwa pembeni na kwa nyuma, na kidogo cha mwenye nguvu ni kingi kwa mnyonge. Mafundi wana njia kadhaa za kulizuia jambo hili. Huyapa madishi mawimbi ya mitetemo tofauti, huyaweka mbalimbali, huyaelekeza pande zisizokabiliana, hulifanya wimbi la moja litikisike wima na la jingine mlalo, hupunguza nguvu ya kurusha, au huyafanya madishi yote yarushe kwa wakati mmoja na kusikiliza kwa wakati mmoja. Kila njia ina gharama yake, na kila moja yataka jina lisiloweza kuchanganywa na la mwenzake. Hapo ndipo penye shida.

Jina la kiungo chenyewe tulipitie haraka. Baadhi ya wafasiri huandika “kiungo cha nukta kwa nukta”. Nukta kwa Kiswahili ni alama ya kalamu, au ni sekunde ya saa. Mnara si nukta. Tena kwa msomaji wa Buigiri neno hili lina maana yake ya pekee, maana kule kuna shule ya msingi ya wasioona, na watoto wake husoma kwa nukta nundu. Akisikia “nukta kwa nukta” atawaza kidole kinachopita juu ya karatasi. Kiswahili kina muundo ulio tayari, kama katika “nyumba kwa nyumba” na “mtu kwa mtu”. Twapendekeza “kiungo cha mnara kwa mnara”. Atakayetuambia kwamba madishi mengine hufungwa juu ya paa, tutamjibu kwamba hata mkulima asiye na jembe huitwa mkulima.

Sasa tuje kwenye neno lenye uzito zaidi, yaani “masafa”. Ni neno la asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza katika Kiswahili ni umbali. Ndivyo lilivyoelezwa na kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, na ndivyo lilivyo katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981. Msemaji wa kawaida hana shaka nalo. Juma Ikangaa, aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1989, alikuwa mkimbiaji wa masafa marefu, na kombora liendalo mbali ni kombora la masafa marefu. Redio ilipoenea, watangazaji walilichukua neno hili wakasema “masafa mafupi” na “masafa ya kati”. Hapo masafa yalikuwa urefu wa wimbi, yaani umbali kutoka kilele kimoja cha wimbi hadi kile kinachofuata. Uteuzi ule ulikuwa mzuri. Urefu wa wimbi ni umbali kweli, na ulipimwa kwa mita. Msikilizaji alizungusha kitufe akitafuta stesheni yake katika mita 31 au mita 49. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, alikuwa mkimbiaji wa masafa ya kati, na habari zake zingeweza kusikika katika masafa ya kati. Hata hivyo hakuna msikilizaji aliyepotea njia.

Kisha neno likahama kimyakimya. Leo, katika lugha ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania na katika vinywa vya watangazaji wa Tanzania na Kenya, masafa si urefu wa wimbi tena. Ni idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde, nayo huhesabiwa kwa hezi. Mfasiri na azingatie kwamba mambo haya mawili huenda kinyume: wimbi likiwa fupi, mitetemo huwa mingi. Ukigawanya 300 kwa urefu wa wimbi katika mita, utapata idadi ya megahezi kwa kukadiria. Wimbi la mita 31 ni la megahezi 9.7 hivi, na wimbi la sentimita 4 ni la megahezi 7,500. Kwa hiyo yaliyoitwa “masafa mafupi” na wazee wetu ndiyo “masafa ya juu” ya wajukuu zao. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba masafa ni idadi ya mitetemo, kisha akasikia “masafa mafupi”, atadhani ni mitetemo michache. Atakuwa ametumia akili yake vema na kupata jibu lililopinduka, na lawama haitakuwa yake.

Katika habari za kila siku utata huu huvumilika. Katika maelekezo ya kazi hauvumiliki. Tutunge sentensi moja: “Ongeza masafa kati ya madishi mawili ya mnara huu.” Fundi wa kwanza ataelewa umbali. Atapanda mnarani na funguo zake, alegeze nati, alihamishe dishi moja mita mbili juu zaidi. Fundi wa pili ataelewa mitetemo. Atabaki chini mbele ya kompyuta yake na kuipa mitambo miwili chaneli zilizoachana zaidi. Matokeo ya kazi zao hayafanani hata kidogo. Kwa kanuni ya jumla, umbali ukiongezwa maradufu nguvu ya mawimbi hushuka hadi robo. Madishi yaliyoachana kwa mita mbili yakiachana kwa mita nne, kelele ya jirani inabaki robo yake. Lakini chaneli zikiachana vya kutosha, vichujio vya mtambo vyaweza kuipunguza kelele hiyo mara milioni na zaidi. Fundi wa kwanza atashuka amechoka, na kiungo cha Mvumi kitaendelea kukatika. Hakukosea kazi, alilisoma neno kwa maana yake ya kamusi.

Yuko atakayesema kwamba mchoro utaondoa utata. Huyo tunamrudisha Buigiri. Shule ya wasioona tuliyoitaja ilianzishwa mwaka 1950 chini ya Kanisa la Anglikana, na imekwisha kuwapitisha wanafunzi wa vizazi vingi. Hatuitaji ili kuomba huruma. Twaitaja kwa sababu inatupa kipimo cha istilahi ambacho kamati zetu zingefaa kukitumia mara kwa mara: sentensi na isomwe kwa sauti mbele ya mtu asiyeuona mchoro, kisha aulizwe ameelewa nini. Kipimo hiki kinamfaa pia mtangazaji wa redio, karani asomaye hati mahakamani, na fundi aliyeko juu ya mnara akipokea maagizo kwa simu. “Ongeza masafa” haifaulu. “Ongeza umbali” inafaulu.

Je, neno lifukuzwe? Hatuoni kwamba lafukuzika. Limo katika leseni, katika matangazo na katika mazungumzo ya watu. Badala zake nazo zina kasoro. “Marudio” ni neno zuri kwa takwimu, lakini mwanafunzi hulijua kama kazi ya kurudia masomo kabla ya mtihani. Tumewahi kukutana na “kasimawimbi”, na hilo twalikataa kabisa: kasi ni mwendo, na mawimbi yote ya redio, mafupi kwa marefu, husafiri angani kwa kasi ileile. Ni jina linalofundisha uongo. “Frikwensi” hueleweka karakana nzima, lakini kuliingiza leo huku “masafa” likiwa limekwisha kukaa ni kuongeza mpangaji wa nne katika chumba cha watatu.

Twapendekeza basi kwamba katika maandishi yote ya kitaalamu “masafa” yabaki na maana moja tu, ile inayohesabiwa kwa hezi, na sifa zake ziwe “ya juu” na “ya chini”, kamwe zisiwe “mafupi” na “marefu”. Ufupi na urefu uachiwe wimbi: “urefu wa wimbi”, “wimbi fupi”. Nafasi kati ya kitu na kitu iitwe “umbali”, hata pale mfasiri anapoona neno hilo limejirudia mno ukurasani. Uzuri wa insha hauna kazi katika maelekezo ya mnara. Na kwa kuwa “masafa” hayana umoja unaotumika, sehemu moja yenye mipaka yake iitwe “chaneli”, ambayo yahesabika moja, mbili, tatu bila taabu.

Liko tatizo jingine la aina hiyohiyo, ambalo halijatajwa sana. Kiungo cha kawaida chenye leseni hutumia chaneli mbili, ya kwenda na ya kurudi. Mkanda wa masafa hugawanywa nusu mbili, ya juu na ya chini; katika mpango mmoja wa Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU), ule wa mkanda wa megahezi 7,425 hadi 7,725, chaneli ya kwenda na ya kurudi huachana kwa megahezi 154. Kanuni ya kwanza ya wapangaji ni kwamba madishi yote ya mnara mmoja yarushe katika nusu ileile na kusikiliza katika nusu ya pili. Hivyo hakuna anayepiga kelele pale jirani yake anaposikiliza. Mnara hupewa jina kwa nusu unayorushia, na hapo mfasiri wa haraka huandika “kituo cha juu” na “kituo cha chini”. Mtu wa Ugogo ataelewa nini? Ataangalia mlima. Kituo kilicho kileleni atakiita cha juu na kilicho mbugani atakiita cha chini, ilhali kile cha kileleni huenda kinarushia katika nusu ya chini. Twapendekeza “mnara wa nusu-juu” na “mnara wa nusu-chini”. Si majina ya kupendeza, lakini neno “nusu” humzuia msomaji asitazame mlima.

Kanuni hiyo ina jambo la hesabu ambalo walimu watalifurahia. Tuseme Dodoma ni mnara wa nusu-juu. Buigiri, inayosemezana nao, haina budi kuwa nusu-chini, na Mvumi, inayosemezana na Buigiri, iwe nusu-juu. Sasa mkubwa mmoja akiagiza kiungo cha tatu kati ya Mvumi na Dodoma ili mzunguko ufungwe, wote wawili ni wa nusu-juu, na mpangaji amekwama. Mzunguko wa minara witiri hauwezi kuitii kanuni hii. Wa minara shufwa unaweza. Itabidi uongezwe mnara wa nne, au kiungo kimoja kihamie mkanda mwingine kabisa. Twaona raha kuyatumia maneno shufwa na witiri hapa. Yamo katika lugha tangu zamani, hayana utata, na hakuna aliyelazimika kuyaunda.

Tulifikie sasa neno “mwingiliano”, ambalo ndilo jina linalotumika zaidi kwa tatizo lenyewe. Kisarufi limetokana na kitenzi “ingiliana”, chenye kiambishi -an- cha kutendeana. Wanaopigana wote hupiga na wote hupigwa. Katika somo la fizikia, mawimbi mawili yanapokutana yakaimarishana hapa na kudhoofishana pale, kiambishi hiki ni sahihi kabisa, maana hakuna mkubwa wala mdogo kati yao. Hapo “mwingiliano” libaki. Lakini mnarani mambo si hayo. Mara nyingi mmoja huumiza na mwingine huumia. Kiungo kipya chenye nguvu kikiharibu usikivu wa kiungo cha zamani, chenyewe chaweza kuendelea salama bila hata mwenyewe kujua. Mwizi akiingia nyumba ya mtu hatusemi kwamba mwizi na mwenye nyumba wameingiliana.

Hili lina uzito wa kisheria. Kanuni za Redio za ITU hupanga uharibifu huu katika ngazi tatu: ule unaoruhusiwa kwa kuwa uko ndani ya kiasi kilichowekwa, ule uliokubaliwa kwa mapatano ya wahusika ijapokuwa umezidi kiasi hicho, na ule wenye madhara, unaozuia au kukatiza huduma mara kwa mara. Nchini Tanzania, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 iliandikwa kwa Kiingereza. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, wafasiri wana kazi kubwa mbele yao. Atakayeandika kila mahali “mwingiliano wa mawasiliano” atakuwa ameandika sheria isiyo na mtenda wala mtendwa. Mlalamikaji atasimama mahakamani kwa neno linalosema kwamba naye ameshiriki, na wakili wa upande wa pili, akiwa anajua sarufi, hatakosa kulitumia.

Mapendekezo yetu ni kwamba jina la jumla liwe “uingiliaji wa mawimbi”, kutokana na “ingilia”, ambacho kina mtenda na mtendwa walio wazi: “kiungo kinachoingilia” na “kiungo kinachoingiliwa”. Ngazi ile ya tatu, yenye madhara, ipewe jina lake la pekee, “mvurugo”, kama vile mtu anavyovuruga maji ya kisima wengine wasinywe. Twajua pingamizi litakalotolewa na walimu: “kuingilia” lina maana ya faragha, na darasa la vijana huenda likacheka. Ndiyo maana twasisitiza kwamba “wa mawimbi” lisiachwe nyuma. Baadhi yetu wangependa “mvurugo” lichukue ngazi zote tatu na tuachane na taabu hii. Lakini “mvurugo unaoruhusiwa” ni maneno yanayogombana yenyewe kwa yenyewe, na hatukuweza kuyapitisha.

Si kila -an- ni kosa. Katika mikanda isiyohitaji leseni ya chaneli, kama ule wa megahezi 5,725 hadi 5,850, mitambo mingi hurusha na kusikiliza katika chaneli ileile kwa zamu. Mkanda huo una upana wa megahezi 125, hivyo chaneli za megahezi 20 hazizidi sita, na mnara wenye shughuli huzimaliza upesi. Dawa ni kuyafanya madishi yote ya mnara yafuate saa moja, itolewayo na setilaiti, yaseme pamoja na kunyamaza pamoja. Jambo hili limepata jina “ulandanishi”, nasi twaliunga mkono bila kusita. Kulandana ni kwa wote, hakuna anayelandana peke yake, na mtambo mmoja ukikosa saa mnara mzima huathirika.

Limebaki jina la ile njia ya kutikisa mawimbi wima au mlalo, ambayo kwa madishi mazuri yaweza kupunguza kelele ya jirani hadi mara elfu bila kuongeza hata chaneli moja. Vitabu huandika “upolarishaji”. Sisi twaelekea kwenye “mkao wa wimbi”: mkao wima, mkao mlalo. Wanafizikia watasema kwamba wimbi halikai, hutikisika, nao wana haki. Tena iko namna ya tatu, ya wimbi linalozunguka kama parafujo, ambayo “mkao” haiielezi vizuri. Kwa maabara na vyuo vikuu “upolarishaji” laweza kubaki. Lakini fundi aliyeko juu ya mnara wa Buigiri akiambiwa kwa simu “geuza mkao, uwe mlalo”, atalegeza nati na kukizungusha kichwa cha dishi robo mzunguko. Akiambiwa “badilisha upolarishaji”, atauliza kwanza ni kitu gani, na upepo wa Dodoma ukivuma huenda asisikie jibu.